Dawa Inayoacha Nyasi

Shukuru wangu,

Mvua ya mchana huu imetufungia katika nyumba moja, wewe chumba cha pili na mimi hapa mezani karibu na dirisha. Nasikia unavyofunga mfuko wako, unaufungua, unaufunga tena. Kesho asubuhi pikipiki itakuja kukuchukua, ikufikishe pale barabara inapochoka, na kutoka hapo utaendelea kwa miguu hadi machimbo ya Omate, ukachimbe dhahabu na wenzako. Sitakuandikia habari za blanketi, wala za maji ya kuchemsha, wala za mashimo yenye udongo mbichi. Hayo nimekwisha kukuambia mpaka umeacha kuitika. Nakuandikia jambo moja tu, na nitaliweka kati ya mashati yako ili ulisome ukiwa umefika: sitaki uishi huko ukiamini kwamba ulimuua papa yako mara ya pili.

Basi, nimelitoa. Sasa naweza kuandika polepole.

Utanisamehe kama barua hii itajaa jina la Paluku. Najua unachoka. Najua unapowaambia rafiki zako “mama yangu ameolewa,” unaangalia pembeni. Lakini mwanangu, kwa umri huu wangu, na mvi hizi ninazozificha chini ya kitambaa, nimependwa! Nilidhani mlango ule ulikuwa umepigwa misumari. Bado kila asubuhi naamka nikishangaa, kama mtu aliyekuta maua kwenye kuni alizotupa nyuma ya jiko. Siwezi kukusimulia yaliyotupata bila kuanzia kwenye furaha hiyo, kwa sababu kosa langu lilizaliwa humo ndani.

Unakumbuka kilima tulivyokikuta tuliporudi kutoka kukimbia vita. Mahali ambapo ng'ombe wa papa yako walikuwa wanalala wakicheua, hapakuwa tena na mahali pa kuweka mguu. Lantana ilikuwa imeshika kila kitu, na yale maua yake mazuri ya kudanganya, manjano na mekundu pamoja, na ile harufu yake kali ukiyaponda. Wewe ulishika panga. Ulikata mpaka mikono ikatoka malengelenge, na nilijivunia sana. Mvua zikaja, na kila shina ulilolikata likarudi na ndugu zake. Ukakata tena. Zikarudi tena. Kisha yule ng'ombe wetu mwenye baka jeupe akala majani yale kwa njaa, ngozi ya pua yake ikapasukapasuka kwa jua, akawa anajificha kivulini mchana kutwa mpaka akafa. Wewe ulikaa karibu naye, hukutaka kula. Ndiyo siku ile nilishuka kwenda kwa Paluku, muuzaji aliyetoka Butembo, pale senta ya Kibabi, kutafuta panga nzuri zaidi.

Alikuwa amesimama mbele ya duka lake akishusha mifuko ya chumvi kutoka kwenye gari. Nikamwambia ninachotaka, akaniuliza ninakata nini, nikamwambia.

“Mama,” akasema, “panga inakata nywele. Mizizi iko inakucheka.”

“Basi nifanye nini? Nichome kilima?”

“Ukichoma, itarudia ya kwanza mbele ya nyasi. Iko dawa. Inaua miti na vichaka, inaacha nyasi.”

“Dawa gani hiyo inajua kuchagua?”

“Inajua kuliko wanaume wengi, Mama.”

“Na wewe, Papa, unajua kuchagua?”

Sijui maneno yale yalinitoka wapi. Mimi, mjane wa watu, niliyezoea kuzungumza na kuku tu! Akaweka mfuko wa chumvi chini, akafuta mikono yake kwenye suruali, akasema: “Niko nafikiri, njo maana nimesimama.” Wanawake waliokuwa wanapanga muhogo pembeni wakapiga vigelegele vya kunichokoza. Nilipanda kilima siku ile bila kuhisi miguu.

Alikuja mwenyewe kutuonyesha, na wewe ulikuwepo. Ukate shina chini kabisa, karibu na udongo, na upake dawa saa ileile kwa brosi, kama mtu anayepaka rangi, kabla kidonda hakijakauka, kwa sababu mti nao unajua kufunga mlango wake. Usinyunyizie penye upepo. Usikaribie chemchemi. Ng'ombe wakae mbali kwanza. Wewe ulikuwa unamsikiliza kwa makini hata ukasahau kumchukia. Baadaye alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akanyoosha vidole vyake juani vikauke, na mimi nilikuwa nimesimama na ndoo nikiangalia vidole vile, na nikajua nimekwisha. Mwanangu, kuna watu wanapenda kwa macho au kwa maneno. Mimi nilipenda mwanaume akinawa mikono.

Tukafunga ndoa kanisani, unaijua siku ile. Ulicheza wimbo mmoja na mimi, ukaniambia sikioni, “Mama, uko unanukia kama bibi arusi wa kweli.” Neno lile ninalo bado. Nikiwa peke yangu nalitoa, nalitazama, nalirudisha.

Lakini sikia sasa.

Papa yako alizikwa sehemu ya juu ya kilima. Papa mukubwa wako, kaka yake, alipanda muko pale kichwani pa kaburi, ule mti wa maua mekundu, kama wanavyofanya watu wetu, ili mtu asilale bila alama. Wewe ulikuwa bado mgongoni mwangu. Muko ukashika, ukawa mkubwa, ukaanza kutoa maua. Kisha tukakimbia, wewe ukiwa bado mtoto mdogo. Tuliporudi, msalaba wa mbao haukuwepo, na muko wenyewe mtu aliukata kwa ajili ya kuni. Machipukizi yake tu yalikuwa yametoka chini, mafupi, yamejificha katikati ya lantana.

Mimi niliyaona. Nilipita pale juma lile tuliporudi, nikayagusa, nikasema moyoni: nitamleta Shukuru siku moja, tutafyeka kwa mkono, tutaweka msalaba mpya, nitamwambia papa yake alikuwa mtu gani. Nitamwambia alikuwa na maneno machache kwa watu na mengi kwa ng'ombe. Nitamwambia alikuwa anaogopa chura, mwanaume mzima, na nilikuwa nikimcheka mpaka nalia. Siku moja, siku moja. Kisha upendo ukaingia nyumbani, na siku ile moja ikawa haiji. Nilikuwa na haraka ya kuishi, mwanangu. Miaka mingi nilikuwa nimesimama kwenye kaburi lile. Nilipopata njia ya kushuka, nilishuka nikikimbia na sikugeuka nyuma kuona kama wewe uko nami.

Asubuhi uliyopanda na panga, kopo la dawa na brosi, ulisimama hapa mlangoni ukaniuliza, “Ile ya juu, Mama, niipige yote?” Na mimi nilikuwa nasonga ugali, naimba, kwa kuwa Paluku alikuwa anarudi kutoka Walikale na nilitaka akute chakula cha moto. Nikakujibu bila kukuangalia: “Yote. Usiache hata kimoja.”

Ulinitii. Ndivyo ilivyokuwa. Ulikata machipukizi na kupaka shina kama ulivyofundishwa, vizuri, bila kumwaga tone. Kwa macho yako kilikuwa kichaka kama vichaka vingine. Mtoto hawezi kuijua alama ambayo hajaonyeshwa. Usiku mwingi nimejiuliza kama kuna sehemu ya jambo hili iliyo yako, na sijaiona.

Dawa ikafanya kazi yake. Lantana zikakauka, nyasi zikapanda kijani mpaka ukaniita nione. Ng'ombe wakarudi juu. Na siku Papa mukubwa alipokuja kutazama kilima cha ndugu yake kilivyopona, alifurahi mpaka akafika pale. Katikati ya nyasi safi akakuta kisiki cha muko, gamba limeoza, jeusi.

Nakumbuka alivyolibandua gamba kwa fimbo yake.

“Nani alipaka huu muti?”

Akanigeukia.

“Mama Shukuru, niko nauliza. Ao bwana mupya alikuletea na dawa ya kusahau?”

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini Paluku alikuwa amekwisha kuvua kofia.

“Ni miye, Papa. Siko muntu wa hapa. Sikujua.”

“Hukujua! Muntu wa Butembo anajua bei ya kila kitu mpaka ya msumari iliyopinda, lakini muti ya marehemu hajui!”

“Njo vile, Papa. Kosa iko yangu.”

“Basi kilima hii hutaikanyaga tena. Bibi yako, kama anataka kulinda mali ya mutoto, abakie. Wewe, chini.”

Ulikuwa umesimama nyuma yetu na kamba ya ndama mkononi. Nilikuangalia, ukaangalia ardhi. Na mimi pia nikanyamaza, na sasa nitakuambia kwa nini, kwa sababu kama unajiona mwoga, ujue hukuwa peke yako. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa na furaha. Aibu gani! Papa mukubwa anafoka juu ya kaburi la mume wangu, na mimi ndani yangu nawaza: mwanaume huyu amejitwisha mzigo wa mwanangu mbele ya watu, bila kuuliza, bila kunitazama kwanza. Nilikunywa tendo lake kama asali. Nilikuwa nimeshiba utamu huo, na sikuona wewe ulivyobaki na kiu na aibu pembeni. Tangu siku ile nimejifunza kwamba mtu akikupenda sana inafaa ugeuke haraka uone nani amesimama kwenye baridi. Mimi nilichelewa kugeuka.

Ndiyo maana hatulali nyumba moja, mimi na mume wangu. Unajua desturi: kilima kisichotoa moshi ni kilima kisicho na mtu. Nikishuka kwenda kuishi senta, ng'ombe wa Papa mukubwa watapanda huku, na hatakuwa mwizi; atakuwa ndugu anayeziba pengo. Halafu siku ukirudi kutoka Omate na mke, au na kikohozi, au na mikono mitupu, utafika mahali ambapo utakuwa mgeni. Sikubali. Nabaki na moto wangu. Siku za soko nashuka, nakaa kwenye gunia la mchele dukani kwake, tunazungumza kama wachumba wanaochungwa. Wale mama wa muhogo wananiona napita wanaimba, “Bibi arusi wa soko, bwana analala na chumvi!” Nacheka nao. Kwa kweli nacheka. Kisha napanda peke yangu, na kilima kinakuwa kirefu kuliko nilivyokishuka.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tunakamua, uliniambia maneno yako ya mwisho marefu.

“Niko naenda, Mama. Nikiondoka, atarudia.”

“Nani atarudia?”

“Bwana yako. Mwenye kosa akitoka, asiye na kosa atarudia.”

“Papa mukubwa hakumufukuza juu yako.”

“Ni juu hajui tu nani alipaka.”

Na ukachukua ndoo ukaondoka, maziwa yakimwagika kwenye buti zako.

Nakujibu sasa, kwa kuwa siku ile nilirudi tu kukamua. Kuondoka kwako hakumrudishi Paluku. Kunaniondolea wewe tu. Kama unakwenda Omate kwa sababu unataka kuona dunia, kushika pesa yako, kunywa bia na rafiki zako bila mama kunusa shati, nenda na baraka zangu zote. Nami niliwahi kutaka kwenda. Niliacha shule nikiwa mwaka wa tano wa sekondari, na mpaka leo naota niko kwenye benchi. Lakini kama unakwenda ili ujiadhibu, ukalale kwenye matope uone kama yatakuosha, basi ujue unalipa mahali ambapo hakuna anayekudai. Paluku hakudai. Juzi tu aliniuliza kama una buti nzuri. Aliniambia nikuambie kwamba duka lake dogo la Ntoto, njiani kwako, lina godoro nyuma ya mifuko ya maharagi, na mlinzi ameambiwa jina lako. Hakusema “mtoto wako.” Alisema “Shukuru wetu,” kisha akaona haya, akaanza kupanga betri ambazo zilikuwa zimepangwa.

Bado kuna jambo ambalo sijakuambia.

Mwanzoni nilitaka kupanda muko mwingine mara moja, kimyakimya. Paluku akanizuia. Dawa ile, akasema, ikiingia udongoni haiondoki kwa haraka. Nyasi haziisikii, lakini mti mchanga utakufa, na maharagi pia. Akaniambia nipime kwa maharagi. Basi nilipanda machache pale kichwani pa kaburi. Yalitoka, lakini majani yalikuwa yamejikunja, yamepinda shingo, kama mkono wa mtoto mchanga unaokataa kufunguka.

Papa mukubwa alinikuta pale nimechuchumaa.

“Sasa unalima kwa kaburi?”

“Napima udongo, Papa.”

Alinizunguka mara moja, kisha magoti yake yakalia, akachuchumaa naye. Akaligusa jani moja.

“Hii iko mugonjwa.”

“Ni ile dawa. Ikiisha, majani yatanyooka. Njo hapo muti unaweza kupandwa.”

Aliligeuza jani lile upande wa pili. Halafu akasema: “Tawi nitatoa kwa muko yangu, ile ya nyumbani. Ni mama ya huu. Lakini mukono ya kupanda siyo yangu tena. Siyo yako. Iko ya mutoto wake.”

“Mutoto anaenda Omate, Papa.”

“Kwani Omate iko mbinguni?”

Alisimama kwa kujikaza na fimbo. Alipofika penye njia akageuka. “Na ule Mubutembo, anakula nini huko chini?”

“Muhogo ya kununua.”

“Na mavi ya panya,” akasema, akanipa mgongo, na mabega yake yakacheka. Hakuniambia Paluku apande tena kilimani. Sikumwomba. Lakini ni mara ya kwanza amemtaja bila kutema mate.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, mwanangu. Mti hauwezi kupandwa na mtu mwingine, na udongo hauko tayari. Udongo ukiwa tayari nitatuma neno kwenye duka la Ntoto, na utakuja, au hutakuja. Kama utakuja, Papa mukubwa atakuwa pale ameshika tawi, nawe utakuwa umepiga magoti na udongo mikononi. Utakachomwambia saa ile ni chako. Sitakitanguliza, wala Paluku hatakitanguliza. Nimemwapisha, na yeye akiapa hata usingizini hasemi. Ukitaka kupanda tu na kunyamaza, panda unyamaze. Mimi nitakuwa nimekuja na maji ya kumwagia, nitasimama kando, na baadaye nitakusimulia habari za chura.

Kuanzia kesho nitakuwa nakamua peke yangu. Nitapika kidogo, nitasahau, nitapika kwa ajili ya watu wawili, kinachobaki nitawapa kuku. Jioni nitawasha moto mkubwa kuliko chakula kinavyotaka, ili moshi upande vizuri na Paluku auone kutoka senta. Amesema huwa anatoka nje kuutafuta. Mapenzi ya ajabu haya, ya kusomana kwa moshi, na bado nisingeyabadilisha na mapenzi ya mtu yeyote, isipokuwa hili la kukosa watu wawili kwa wakati mmoja, ambalo sikulijua.

Leo asubuhi, kabla mvua haijaanza, nilipanda juu. Majani bado yamejikunja. Si kama yale ya mwanzo, labda, au ni macho yangu ya mama yanayotaka kuona. Niliyang'oa yote, nikalegeza udongo kwa vidole, nikatia mbegu nyingine. Nitafanya hivyo kila mara yatakapotoka yamepinda: nitang'oa, nitapanda, nitasubiri, mpaka litoke jani moja limefunguka wazi kama kiganja.

Siku hiyo nitakuita.

Mama yako,
aliye juu kilimani na moto wake